Tajiri Aliyekufa Sebuleni kwa Bi Jalada

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu amefanya kazi katika chumba kisicho na dirisha. Ni masjala ya ofisi moja kubwa, mwisho wa korido, mlango unaosukumwa kwa bega kwa sababu bawaba zake zimechoka. Ukiingia unakuta kaunta ya mbao, nyuma ya kaunta rafu, na nyuma ya rafu Bi Jalada, ambaye jina lake halisi halijulikani hata na watu wa utumishi mpaka wafungue jalada lake, na wa kuwapa jalada hilo ni yeye mwenyewe. Mtu akija anataja namba. Bi Jalada hasemi kitu. Anageuka, anapotelea katikati ya rafu, na kabla mtu hajamaliza mwayo wake jalada limeshatua kauntani. Mkubwa mmoja aliwahi kumjaribu kwa kumwuliza juu ya barua ya miaka tisa nyuma. Bi Jalada alimwandikia kwenye kikaratasi ukurasa, tarehe, na kwamba aliyeiandika alisahau kutia sahihi.

Kwa kichwa kama kile ungetegemea mdomo nao ufanane nacho. Wapi! Mbele ya watu watatu maneno yalimkwama kooni, na wakifika watano alikuwa ameshapata sababu ya kwenda jikoni. Nasema hivi si kumcheka. Kuna watu wanaosema kutwa nzima na ukirudi nyumbani huna hata moja la kukumbuka.

Sasa, kulikuwa na kitu walichokiita mzunguko. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, marafiki wa nyumba tano walikula chakula cha mchana pamoja, mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Mwenye orodha alikuwa wifi yake Bi Jalada, dada mkubwa wa mume wake, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, mwenye sauti ambayo wagonjwa walikuwa wakipona mapema ili waikimbie. Kulikuwa na Mwalimu wa hesabu wa ng'ambo ya barabara, bingwa wa ubishi. Kulikuwa na Fundi Cherehani, mama mnene mcheshi aliyeanza kucheka kabla hadithi haijafika penyewe. Na kulikuwa na Mpimaji, mpima ardhi, aliyesoma na mume wa Bi Jalada tangu darasa la kwanza. Huyo alikuwa mtu wa kunyooka. Ukimwambia njoo saa saba, saa saba kasoro dakika moja amesimama nje anaangalia saa yake.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Bi Jalada na mume wake, Fundi Saa. Zamu yao ya mwisho ilikuwa miaka miwili iliyopita na ilidumu dakika hamsini. Hakuna aliyekosa adabu, chakula hakikuungua. Ilisikika tu milio ya vijiko, Mwalimu akasifu mapazia, Fundi Cherehani akakosa cha kuchekea, wakaaga. Tangu siku hiyo, zamu ikikaribia, wifi alikuwa anasema kwa huruma kabisa, "Wewe wifi usijisumbue. Njooni kwangu tu, utanisaidia kukatakata." Na Bi Jalada akaenda, akakatakata. Alikuwa amekatakata vitunguu vya zamu zake mwenyewe katika jiko la watu, akisikia vicheko vikitoka sebuleni, na akirudi nyumbani alikuwa halali vizuri.

Mwezi mmoja, wifi aliposoma orodha na kuiruka zamu ya Bi Jalada kama kawaida, sauti ikatoka upande wa mlango wa jikoni.

"Mwezi ujao ni kwangu."

Wote wakageuka. Bi Jalada alikuwa amesimama na sahani ya matunda, masikio yakimwaka.

"Wifi, hatujasema vibaya..."

"Mnakuja saa saba. Mkiondoka kabla ya saa kumi, nifuteni kwenye orodha moja kwa moja. Sitauliza tena."

Wifi akakunja orodha yake. "Haya. Umesema mwenyewe, na mashahidi ndio hawa."

Njiani kurudi, walipofika kona ya pili, Fundi Saa alisimama. "Mke wangu, saa tatu nzima? Utawafanyia nini?"

"Nitakuua wewe," akasema Bi Jalada.

Ilikuwa hivi. Kwenye chumba cha kusubiria kwa daktari wa meno alikuwa amesoma, katika gazeti moja kuukuu, juu ya mchezo wa watu kukaa kula huku mmoja wao ameuawa, uongo mtupu, na kila mgeni amepewa mhusika wa kuigiza, na mmoja wao ndiye muuaji, na wenzake wanamsaka kwa maswali mpaka sahani ya mwisho. Yeye hakuhitaji kusema sana. Angeandika, na wengine ndio waseme. Kuandika na kupanga makaratasi, hapo humwambii kitu.

Kwa wiki tatu aliandika. Tajiri mwenye hoteli amekutwa amekufa kitini ofisini kwake, saa nne asubuhi, baada ya kunywa chai yenye dawa ya panya. Washukiwa wanne. Mke wa tajiri atakuwa wifi. Daktari wa tajiri, Mwalimu. Mwimbaji wa hotelini, Fundi Cherehani. Na mpwa wa tajiri, mrithi wa kila kitu, Mpimaji, na huyo ndiye muuaji, maana nani angemshuku Mpimaji? Kila mmoja alipewa bahasha yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema wewe ni nani, ulikuwa wapi na uliona nini. Wa pili ulikuwa mfupi. Kwa watatu ulisema: huna hatia, sema kweli tupu. Kwa mmoja ulisema: wewe ndiye muuaji, hivi ndivyo ulivyofanya, una ruhusa ya kudanganya. Yeye mwenyewe alijipa kazi ya mtumishi wa hoteli, wa kusoma matangazo mawili matatu na kuleta vyakula.

Jumamosi ikafika. Meza ilikuwa imevutwa katikati ya sebule, kitambaa cheupe kimepigwa pasi mpaka kinang'aa, na kwenye kochi la pembeni amelala marehemu, suti ya harusi, kifungo kimegoma kufunga, gazeti usoni. Fundi Cherehani alipomwona tu akaangua kicheko, akaegemea ukuta.

"Jamani! Shemeji amekufa na viatu!"

"Nimekufa ghafla," gazeti likajibu.

"Marehemu hasemi," akasema Bi Jalada kwa sauti ndogo, akagawa bahasha. Kila bahasha ilikuwa na namba, na kila ukurasa ndani yake ulikuwa na namba, kwa sababu mkono uliozoea hauombi ruhusa. Akasoma kanuni tatu kutoka kwenye karatasi. Kanuni ya kwanza: usimwonyeshe mtu kilichomo ndani ya bahasha yako. Wakafungua, wakasoma. Mpimaji alificha karatasi ya pili kiganjani, akaisoma, akainua nyusi, akaitazama nyuma na mbele, akamtazama Bi Jalada, akaikunja na kuitia mfuko wa shati. Bi Jalada akafurahi moyoni. Anaigiza vizuri kweli, akawaza.

Na mchezo ukashika moto, tena upesi kuliko alivyoota. Supu haijaisha, wifi alikuwa ameshafiwa kwa machozi ya kweli. Mwalimu alidai kikao kiwe na mwenyekiti, akajichagua. Fundi Cherehani aliulizwa kwa nini alikuwa dirishani saa nne, akaimba jibu. Kuku wa kuoka alipoletwa, mkono ulitoka chini ya gazeti ukachukua paja, na Mwalimu akaandika kwenye daftari lake kwamba maiti ina njaa. Watu walikuwa wanakatana kauli, wanainuka vitini, wanaelekezana vidole na uma. Bi Jalada alikuwa anaingia na sahani na kutoka na sahani, na kila akipita mlangoni alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Katika duru ya pili ya maswali ndipo alipohisi kitu hakijakaa sawa.

"Wewe mpwa," Mwalimu aliuliza, "uliwahi kununua dawa ya panya?"

Hapo muuaji alitakiwa kukana. Mpimaji akafuta mdomo. "Nilinunua, asubuhi. Nikaiweka kwenye kabati la jikoni."

"Na saa nne ulikuwa wapi?"

"Bustanini. Mwimbaji aliniona kupitia dirishani."

"Kweli nilimwona," akasema Fundi Cherehani. "Hakutoka pale hata hatua."

Bi Jalada alisimama na bakuli la viazi mkononi. Huyu mtu ana ruhusa ya kudanganya, mbona anasema kweli tupu? Akaweka viazi, akaingia chumbani kwake, akavuta droo ya meza ya kioo alipokuwa anaandikia usiku zile wiki tatu. Juu kabisa, safi, bila hata kunyanzi, ulikuwepo ukurasa: *Wewe ndiye muuaji.*

Akakaa kitandani, ukurasa mkononi.

Katika masjala kuna kanuni ambayo karani hufundishwa siku ya kwanza kazini. Ukitoa ukurasa kwenye jalada, hata kwa dakika moja, weka mahali pake kikaratasi cha njano kinachosema umekwenda wapi. Siku mbili kabla, alikuwa ameutoa ukurasa wa muuaji kwenye bahasha ya Mpimaji ili aunakili kwa mwandiko mzuri zaidi. Na mkono wake wa miaka ishirini na miwili, bila kumwambia mwenyewe, ukaweka kikaratasi: *Ukurasa huu umetolewa. Uko mezani kwa karani.* Akanakili. Akasahau kurudisha. Kosa ambalo hangelifanya mtu mwingine yeyote duniani.

Kwa hiyo mezani kulikuwa na watu wanne na wote hawana hatia. Wangemsaka muuaji mpaka kesho wasimpate. Na kumpenyezea Mpimaji ukurasa wake sasa hivi kusingesaidia kitu, maana alikwisha kujisafisha mbele ya wote na shahidi amepatikana.

Aliporudi sebuleni moto ulikuwa umeanza kupoa. Maswali yalikuwa yanajirudia. Mwalimu alifuta alichoandika. Saa ya ukutani, ambayo Fundi Saa huisahihisha kila Jumapili, ilisema saa tisa na dakika tano.

"Mimi naona alikufa na presha tu, maskini," akasema wifi. Akachukua mkoba wake kutoka sakafuni, akauweka mapajani. "Wifi, umejitahidi kwa kweli. Chakula kizuri. Lete keki tule, tusije tukakuchosha."

Umejitahidi. Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Bi Jalada aliangalia mlango wa jikoni, ambao ulikuwa wazi, na keki ikimngoja huko, na kisu, na ukimya mzuri. Angeweza kusema samahani, nimekosea makaratasi, wakamwonea huruma, wakaondoka. Miguu ilishageuka kabisa kuelekea huko. Kisha akajikaza, akavuta kiti kilichokuwa pembeni, akakiweka mezani baina ya Mwalimu na Mpimaji, akakaa. Alikuwa hajakaa mezani tangu saa saba, na hakuna aliyekuwa ameliona hilo.

"Mmeulizana maswali arobaini na moja," akasema. Sauti ilitoka na mikwaruzo, lakini ilitoka. "Nimeyahesabu."

Mwalimu akainua kichwa. Hesabu humwamsha.

"Mke wa tajiri amesema alimkuta mumewe anakunywa chai, akarudi chumbani, na daktari alimwona ngazini. Daktari amesema alipima presha, kikombe kikiwa mezani, na mwimbaji aliwasikia wakizungumza. Mwimbaji alikuwa dirishani. Mpwa alikuwa bustanini. Hayo mmeyasema wenyewe, na yanashikana." Hakuwa na karatasi mkononi. Kila neno lao alikuwa analirudisha kama lilivyotoka, mpaka "jamani" za Fundi Cherehani. "Dawa ilikuwa jikoni. Chai ilitoka jikoni. Nani kati yenu aliingia jikoni chai ikiandaliwa?"

Wakatazamana.

"Mimi sikuingia," akasema Mwalimu.

"Wala mimi," akasema Fundi Cherehani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka.

"Basi nani alikuwa jikoni?"

Wifi alikuwa anamtazama, na uso wake ukawa unabadilika taratibu. Mkoba ukateleza mapajani na hakuuokota.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye huwa jikoni."

"Hamjaniuliza swali hata moja," akasema Bi Jalada. "Nimeingia humu mara kumi na tisa. Nimewapa bahasha kwa mikono yangu, nimewawekea sahani mbele yenu. Niulizeni sasa. Ila nawaambia mapema, katika nyumba hii ni mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kudanganya, na ni mimi."

Lo! Sebule ililipuka. Mwalimu alisimama akagonga meza mpaka vijiko vikaruka. Fundi Cherehani alipiga ukelele uliomtoa marehemu gazeti usoni. Wote wanne wakamwangukia kwa maswali kwa mpigo, na Bi Jalada, mtu wa kukimbilia jikoni, alikaa pale pale akayapokea. Akamdanganya Mwalimu mara mbili, Mwalimu akamkamata mara moja. Alikana kikombe, wakamrudishia kikombe. Alisema hajui kusoma maandishi ya kwenye pakiti ya dawa, na Mpimaji akasema polepole kwamba mtumishi ndiye aliyesoma kanuni mbele ya kila mtu saa saba na robo. Wakashangilia. Alikuwa anabanwa na anapenda kubanwa. Mashavu yalimwaka, na safari hii haikuwa aibu.

"Kwa nini?" mwisho akauliza wifi. Sauti ile ya wodini haikuwepo. "Kwa nini ulimwua?"

Hilo hakuwa ameliandaa. Hakuwa ameliandika popote.

"Kwa sababu nilimtumikia miaka mingi," akasema. "Kila kitu alichotaka nilijua kilipo. Na angekutana na mimi barabarani asingenitambua."

Kwenye kochi, marehemu alijiinua kwa kiwiko.

"Mke wangu," akasema, "mimi ningekutambua."

"Marehemu hasemi!" wakamkemea wote kwa pamoja, na hapo wakacheka mpaka Mwalimu akalazimika kuvua miwani kufuta machozi. Wakampigia makofi Bi Jalada, wakasimama kabisa kumpigia. Alisimama naye, hajui mikono aiweke wapi, akaishia kuiweka juu ya kichwa kama mtu aliyefunga goli. Furaha ilimjaa mpaka ikamuuma kifuani.

Wakala keki. Alileta wifi, kutoka jikoni, kwa mikono yake.

Bi Jalada si mtu wa kukaa na uongo. Vipande vilipokwisha kugawiwa akasema, "Lakini ngojeni niwaambie ukweli. Muuaji hakuwa mimi. Alikuwa Mpimaji. Ukurasa wake niliusahau kwenye droo. Haya mengine nimeyabuni pale pale."

Wakamtazama. Kisha Fundi Cherehani akatikisa kichwa. "Usituchezee, dada. Akili yote hiyo ibuniwe pale pale?"

"Haki ya Mungu nimekosea."

"Shemeji," akasema Mpimaji, "mchezo umekwisha, sasa naruhusiwa." Akatoa kikaratasi cha njano kutoka mfuko wa shati, akakinyoosha juu ya kitambaa cheupe ili wote wasome. "Mimi nilijua tangu saa saba na dakika ishirini. Imeandikwa hapa wazi. Uko mezani kwa karani. Hapa karani nani? Nikasema moyoni, shemeji ameniachia dokezo. Nikanyamaza kwa sababu kanuni ya kwanza inasema nisionyeshe."

"Si dokezo! Ni mazoea ya kazi!"

"Mnamwona?" akasema Mwalimu, akijaribu kunong'ona na kushindwa. "Watu wenye vichwa ndivyo walivyo. Amepanga mpaka makosa, halafu anajifanya hakupanga."

Alijieleza mara ya tatu na ya nne, na kila alivyojieleza walizidi kumheshimu. Mwisho akakata tamaa, akala keki. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi na moja. Hakuna aliyeitazama isipokuwa mume wake, aliyemkonyeza kutoka kochini, suti imejaa makombo.

Wifi hakusema neno juu ya orodha. Alisogeza kiti chake karibu mpaka magoti yao yakagusana, akaweka kiwiko mezani na shavu kwenye kiganja. Walikuwa wamejuana miaka ishirini na sita.

"Wifi," akasema, "hivi huko masjala huwa unafanya nini hasa?"

Mwalimu alikuwa anafungua mdomo. Wifi akamwinulia kidole bila kumtazama, naye Mwalimu akaufunga. Bi Jalada akasukuma sahani pembeni, akaanza kusimulia.